Mama Mluzi Alipong'olewa Meno

Mimi sina subira, nasema mapema usije ukanilaumu mbele ya safari. Nasuka nywele tangu asubuhi mpaka mgongo uniambie basi, na mtu anayeshinda amesimama huku akisikiliza shida za vichwa vya watu, ikifika jioni hana subira hata ya kuokota. Kwa hiyo nikikuambia kwamba nilimvumilia mama mkwe wangu aliponyamaza ndani ya nyumba yangu, elewa kwamba nampenda. Angekuwa mtu mwingine ningeshapasuka.

Mtaa mzima unamwita Mama Mluzi. Watu wapya wanadhani anapiga miluzi ya nyimbo kama wahuni wa kona. Wapi! Ni lugha yao. Lugha yenyewe ina jina, lakini katikati ya jina kuna mluzi, kwa hiyo siwezi kukuandikia. Sisi majirani na wakwe tunaiita Kimluzi, na wenyewe wameshachoka kutukatalia. Waliobaki wanaoizungumza wametawanyika huku na huku, na wengi wako chini ya udongo. Katika mji wetu alikuwa yeye peke yake.

Ina sauti ambazo koo langu limezikataa katakata. Kuna h inayovutwa ndani badala ya kutolewa, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Kuna m inayokaa mdomoni mpaka unadhani mwenyewe amesahau alichotaka kusema. Halafu ndio huo mluzi, mfupi, mwembamba, unapita kati ya meno mawili ya mbele ya juu, kama birika lililotaka kuchemka likaghairi. Mama ana mwanya, au niseme alikuwa nao, mwanya wa kupendeza uliomsumbua marehemu baba mkwe mpaka akaoa mbali na kwao. Kwenye mwanya ule mluzi ulipita bila kuomba njia.

Na si pambo. Mluzi ndio unaoishika lugha yote. Ukiuweka mwisho wa neno la kutenda, maana yake jambo hilo umeliona mwenyewe au umelihisi mwilini mwako. Usipouweka, umeambiwa tu. "Ruvo" peke yake ni mvua inanyesha, wanasema watu. "Ruvo" na mluzi ni mvua inanyesha na mimi nimelowa chapachapa. Hakuna katikati. Mama husema kwao umbea ulikuwa kazi ngumu: ukianza kusimulia ya jirani, wenzako wanasubiri mluzi, na usipokuja wanaendelea kuchambua mboga zao kama hukusema kitu. Ningezaliwa huko mimi ningefunga saluni.

Tena wana "sisi" mbili, moja ya kukuingiza ndani na nyingine ya kukuacha mlangoni. Mimi niliachwa mlangoni tangu harusi. Siku niliyojifungua, mama akainama kitandani pale hospitali akasema kitu, mume wangu akaanza kulia, akaniambia, "Amekuingiza." Nikamwambia aniingize baadaye, kwa sasa naumwa. Lakini nilisikia, na sijasahau.

Mume wangu ni fundi wa mafriji, mtu mpole wa Mungu. Kimluzi anakielewa chote ila anakizungumza kama aliyevaa viatu vya kuazima. Mluzi hufundishwa meno ya ukubwani yakishaota, na yeye meno yalipoota alikuwa anaitwa ndege shuleni, akagoma. Kwa hiyo kwa lugha ya mama yake, mume wangu hajawahi kuona kitu chochote kwa macho yake mwenyewe. Hata mimi alinioa kwa kusikia.

Sasa kazi ya mama. Alipiga pasi mashuka ya hospitali miaka yote ya nguvu zake, yeye na mdogo wake wa tumbo moja. Si pasi hii ya mkononi. Ilikuwa ni mashine, magogo mawili ya chuma ya moto yanayozunguka, mtu mmoja analisha shuka bichi upande huu, mwenziwe analipokea limekauka upande ule. Katikati ni mvuke, hamwonani. Mashine inanguruma, mkipigiana kelele hamsikilizani. Wengine waliungua vidole kwa kuvuta kabla ya wakati. Wale dada wawili hawakuungua hata siku moja. Mama akilisha shuka, pembe zikishanyooka na vidole vyake vikishatoka, anatamka neno lake na mluzi mwishoni: limeingia, nimeliona. Mluzi unapenya ngurumo yote ile, na mdogo wake upande wa pili ndipo anavuta. Bila mluzi havuti, hata shuka liungue. Msimamizi aliwakataza kupiga miluzi kazini akidhani ni utovu wa adabu. Walinyamaza asubuhi moja, mashuka yakaungua, akawaomba waendelee.

Walipostaafu, mdogo mtu akahamia mji mwingine kwa mwanawe. Mbali, safari ya kulala njiani, na magoti yao wote wawili hayataki safari. Basi ikawa simu. Kila siku baada ya chai ya jioni mama anakaa kwenye kiti cha plastiki kwenye kona ya saluni yangu, maana pale ndipo mtandao unashika, anampigia mdogo wake. Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba, huwezi kufanya siri. Wateja wangu walizoea. Kuna mteja mmoja, mwalimu wa chekechea, alikuwa anaomba zamu ya jioni makusudi asikie. Alisema inamtoa uchovu. Wale bibi wawili walikuwa wakisimuliana siku nzima, tangu nani kapita barabarani mpaka paka kala nini, na mluzi kila baada ya neno: nimeona, nimeona, nimeona.

Halafu fizi zikaanza kumuuma. Alificha. Alitafuna upande, alisukutua maji ya chumvi, alisema ni upepo. Mficha uchi hazai, na mama alificha mpaka shavu likavimba kama limeweka andazi. Daktari akatazama, akasema meno yote ya mbele ya juu yameachia, yatoke kabla hayajaleta balaa. Yakatoka. Daktari alifanya kazi yake vizuri, simlaumu. Uvimbe ukashuka, homa ikaondoka, tukarudi nyumbani na dawa za maumivu.

Jioni ile ile mdogo wake akapiga. Mama akapokea akiwa bado ameshika pamba mdomoni. Wakianza mazungumzo lazima mmoja aseme "yendo", yaani nipo, na mluzi, ndipo mwingine ajibu vilevile. Mama akasema "Yendo", akasukuma pumzi. Ikatoka pumzi tu, fuu, kama tairi. Akajaribu tena. Fuu. Nikamwona anaiondoa simu sikioni, anaitazama, anaizima.

"Mama, vipi? Mbona umemkatia?" nikauliza.

"Nimwambieje?" akasema. "Nimwambie nipo, wanasema watu? Mimi ni marehemu?"

Nilicheka, Mungu anisamehe. Ilinitoka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo Mama Mluzi akafunga mdomo. Sisi alisema nasi Kiswahili cha lazima tu, chumvi, asante, mlango, mkono ukiwa mdomoni. Mdogo wake akapiga, mama akaongea naye Kiswahili. Jamani, ungewasikia. Habari. Nzuri. Wa huko? Hawajambo. Haya. Watu waliokaa tumbo moja wanasalimiana kama makarani wa ofisi mbili. Simu zikawa fupi, zikapungua, na mdogo mtu naye akaanza maringo: akipokea anasema maneno mawili kwa sauti ya kujibana, halafu anampa simu mwanawe. Nikakasirika. Nikasema moyoni, kumbe na wewe una kiburi, dada yako anaumwa badala umbembeleze unajifanya una shughuli.

Mama akaacha kukaa kwenye kona. Kiti chake nikawa naweka taulo. Alikaa chumbani ameelekea dirisha, chakula anakigeuzageuza, nguo zikaanza kumpwaya. Mume wangu akawa anamsalimia kwa Kimluzi chake cha kuazima, mama anaitikia kwa kichwa. Siku moja mpwa wake, yule mtoto wa mdogo wake, akanipigia mimi.

"Dada," akasema, "naomba uniambie ukweli. Mama hapa anauliza alimkosea nini mama mkubwa. Anasema kama dada yake amemchoka, basi amwache apumzike, asimpigie tena."

 Nikajua hapa hatuzungumzii meno tena. Hawa wawili wakiachana, wataachana mpaka kaburini, na lugha yao itakwisha katika kimya cha watu wawili walio hai. Nikamwambia kijana, "Usimwache mama yako aseme hivyo tena. Nipe muda."

Nikaenda kwa fundi meno. Ana kikarakana chake nyuma ya kliniki, kimejaa plasta, nta na taya za watu zimepangwa kwenye rafu, zinakucheka ukiingia. Alikuwa tayari amempima mama na meno yakawa tayari. Tukamvalisha. Wee! Mama alikuwa mrembo, amerudi nyuma miaka. Meno meupe, yamebanana kama matofali ya fundi mwaminifu. Nikapiga makofi. Mama akajitazama kwenye kioo, akavuta pumzi, akasema "Yendo", akapuliza.

Meno yakaruka yakaangukia mapajani.

Fundi akasema yatazoea. Hayakuzoea. Nikarudi na mama, nikamwambia fundi, "Mwanya, kaka. Huyu mtu alikuwa na mwanya. Mwekee mwanya wake."

Fundi akashika kiuno. "Dada, mimi nimesifiwa mji mzima kwa kubananisha. Leo nitoe meno yenye tundu? Watu watasema mkono umeanza kutetemeka."

"Watu watasema nini nitakueleza mimi, maana wote wananipitia kichwani. Weka mwanya."

Akaweka, kwa kununa. Ikatoka sauti kama ya mtu anayenyonya uji moto. Lakini sasa na yeye akawa ameingiwa na hamu. Akaniambia tatizo ni kile kipande cha waridi kinachofunika kaakaa, ulimi wa bibi haupati pa kuegemea, atakipunguza. Akipunguza hapa kinalegea pale. Nikipita kliniki nasikia fundi meno peke yake ndani anapiga miluzi, fwi, fwi, na ameweka taya ya bibi mbele yake kwenye meza. Mama akayavaa yale ya mwanya kulia chakula na kwendea kwenye misiba. Kuongea, hapana.

Sasa mwanangu wa kike. Yuko darasa la pili, na katika msimu huohuo meno yake mawili ya mbele yakang'oka, moja kwenye embe, moja kwenye mpini wa mlango kwa ujinga wake mwenyewe. Tukamwita Mapengo. Akaingia chumbani kwa bibi yake akacheka kwa mdomo wote.

"Bibi, tazama! Mimi na wewe tumevaa sare!"

Mimi nilikuwa koridoni na beseni la taulo. Nikasikia mama anacheka. Kicheko cha kibogoyo, hakina kingo, kinamwagika tu. Nikasimama palepale nikalia na beseni langu.

"Bibi," Mapengo akaendelea, na wewe unajua watoto hawana breki, "ulipokuwa mdogo meno yakitoka ulikuwa unaongeaje? Ulikuwa bubu?"

Mama akafuta machozi ya kicheko. Halafu mama akasema, "Hapana. Tuligonga."

Siku zilizofuata nilianza kuchanganyikiwa. Niko saluni nasuka, nasikia ko. Mlangoni. Nasema, "Karibu!" Hakuna mtu. Naendelea. Ko. "Karibu, mlango uko wazi!" Hakuna. Naacha kichwa cha mteja, nafungua, barabara nyeupe. Mwalimu wa chekechea akaanza kunitazama kwa huruma. Nikajua ni watoto wa jirani, nikatoka nikawatukana wote kwa mkupuo mmoja, wakakimbia wanaapa. Nimerudi ndani nimekaa, ko.

Haikuwa mlangoni. Ilikuwa jikoni. Nikachungulia. Mama na Mapengo wamekaa mezani wanakabiliana, bakuli la kunde katikati, wanamenya. Mama anasema neno, halafu mahali pa mluzi anagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja. Ko. Mapengo anarudia, anagonga. Ko. "Ruvo," anasema mtoto wangu, anatazama dirishani kuna jua kali, anafikiri, hagongi. Mama anamshika shavu kwa furaha. Hajaiona mvua, kwa nini agonge?

Mama akanieleza, huku anaona haya kidogo. Kwao mtoto aking'oka meno ya mbele hanyamazishwi. Mpaka meno yaote, anaruhusiwa kugonga: meza, mlango, kifua chake, kichwa cha mdogo wake, popote palipo karibu. Watu wazima wanasikia ko na wanajua ni mluzi wa mwenye mapengo. Meno yakiota, wanamfundisha mluzi, na kuanzia hapo kugonga ni marufuku. Mtu mzima akigonga, ama anadhihaki ama akili zimehama.

"Basi, mama!" nikasema, na damu ikanichemka kwa furaha. "Si ndiyo hiyo! Mpigie mama mdogo umgongee!"

Uso wake ukafunga mlango. "Nani? Mimi?"

"Wewe, mama. Una mapengo kama mtoto."

"Yule ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha mluzi, nilimshika kidevu mpaka ukatoka. Kwenye pasi amevuta mashuka maisha yake yote kwa kuniamini mimi. Leo nimgongee meza kitoto? Atajua nimekwisha."

"Na usipomgongea atajua nini?"

"Ajue anachotaka."

Hapo subira yangu, ile kidogo niliyokuwa nayo, ikaisha. Nikaweka mikono kiunoni nikamwambia. Nikamwambia mdogo wake anadhani amemkosea. Nikamwambia yule mama wa watu anauliza kosa lake na hakuna wa kumjibu, na amesema kama amechokwa basi hatapiga tena. Nikamwambia, "Mama, mimi mluzi siujui, lakini haya nimeyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa mwanawe, na sikukwambia mapema kwa sababu nilitaka meno yakusaidie. Meno yamekataa. Umebaki wewe." Nikaondoka kabla sijasema zaidi.

Usiku huo mama alikula amenipa mgongo. Mume wangu alitaka kuuliza, nikamtazama, akala. Nilijilaumu. Mtu mzima humsemi namna ile, hata kama umesema kweli. Nikasema kesho nitamwomba radhi.

Kesho yake jioni niko kwenye kichwa cha mwalimu wa chekechea, mikono imejaa mafuta, mama akaingia saluni. Ameyatoa meno yake ya mwanya, ameyashika kwenye kitambaa. Akaondoa taulo kwenye kiti cha plastiki, akalikunja vizuri kama shuka, akaketi. Mapengo nyuma yake kama mlinzi.

"Nipigie," akaniambia.

Nilipiga kwa kidole kidogo, ndicho kilichokuwa safi. Mpwa akapokea, nikasema mpe mama yako, usimwambie kitu, mpe tu. Nikamkabidhi mama simu, nikarudi kwenye nywele, nikawa nasuka mstari uleule mara mbili.  Nilikuwa namwogopea asije akachekwa. Mdogo wake akicheka, basi, tumemmaliza.

Mama akaibandika simu sikioni. Nilisikia upande wa pili sauti ya kizee ikisema kwa Kiswahili, "Halo?" kwa kujibana, kama kawaida yake ya siku zile.

Mama akatafuta pa kugonga. Kona ile haina meza. Akanyoosha mkono kwenye boksi la mbao ninalowekea rola.

"Yendo," akasema. Na akagonga. Ko.

Kimya.  Mwalimu wa chekechea alikuwa ameacha kupumua, nilihisi kichwani kwake. Uso wa mama ukaanza kushuka, midomo ikaingia ndani, na mimi nikaanza kujuta mpaka miguuni.

Ko.

"Karibu!" nikasema, kwa mazoea. Nikageuka nimfokee aliyekuja wakati mbaya namna hiyo. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamtazama Mapengo, mikono yake ilikuwa nyuma. Nikamtazama mama. Alikuwa ameishika simu mbali na sikio, anaikodolea macho, mdomo umeachama, mapengo yake yote nje bila mkono wa kuyafunika.

Ko, ikasema simu. Na ile sauti ya kizee, ambayo sasa haikujibana tena, ikasema, "Yendo." Ko. "Yendo, yendo." Ko, ko.

Mama akapiga ukelele. Akaanza kuuliza maneno mfululizo, mimi sikuyajua lakini Mapengo alijua baadhi, akawa ananirushia tafsiri kwa kunong'ona: anamuuliza na wewe lini, mangapi, kwa nini hukusema. Na kule nako majibu yakawa yanakuja na kishindo, sijui alikuwa anagonga nini, kitanda au mlango wa kabati. Meno yake yalimtoka siku chache baada ya yale ya mama. Manne ya mbele. Alimficha hata mwanawe, akisema anakula laini kwa sababu ya tumbo, akizungumza na midomo imefungwa. Aliogopa dada yake atamwona mzembe, baada ya kushikwa kidevu chote kile. Kila jioni mama alipomsemesha Kiswahili, yeye alishukuru Mungu kimoyomoyo kwamba hajagunduliwa, na hapohapo akaumia kwamba dada hamtaki tena. Na mimi hapa nilikuwa nimemwita mwenye maringo.

Sasa ilikuwa vurugu. Wazee wawili wanacheka, wanalia, wanagonga. Boksi langu la rola likaanza kuyumba. Mapengo akaomba simu, akapewa, akatamka kitu kirefu, akagonga kwa ngumi nzima, kule wakapiga vigelegele. Nikamuuliza umesema nini. Akasema, "Nimemwambia nimewaona wote wawili wanalia." Mwalimu wa chekechea naye alikuwa analia, na rasta moja nimeisuka kuelekea puani. Nilimfumulia bure.

Waliongea mpaka simu ikawa ya moto. Mume wangu alirudi kazini akakuta mlango wazi, mama yake kwenye kona anagonga boksi kama fundi seremala, akasimama palepale na kisanduku chake cha vyombo. Mama akamtazama, akamwita kwa mkono. Akamvuta akae chini karibu na Mapengo, akachukua mkono wake mkubwa wenye grisi, akamkunja kidole, akakigonga kwenye mbao. Mara moja. Akasema neno, akamsubiri.

"Yendo," mume wangu akasema. Akagonga mwenyewe.

Mama akaweka simu mapajani ili mdogo wake asikie. Halafu akanigeukia mimi, na macho yake bado yamelowa.

"Kesho ukipita kwa fundi meno," akasema, "mwambie amepata mteja wa pili, mwanya uleule."

"Nitamwambia, mama."

"Lakini mwambie asifanye haraka."